Mashine Imekwama Wapi?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la wapenzi wachache wa ufundi na sasa limekuwa la watu wa kila namna: kuweka mifumo miwili ya uendeshaji, Windows na Linux, katika kompyuta moja iliyokwisha kula chumvi nyingi, na lipi la kufanya pale ambapo kazi hiyo imeharibika na mashine haiwaki tena kama ilivyokusudiwa.

Sababu ya jambo hili kuenea ni bayana. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga muhula wake wa kuihudumia Windows 10, na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inashurutisha mashine iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 pamoja na kichakataji kilichomo katika orodha yake rasmi, sharti ambalo kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 haziwezi kulitimiza. Nasi twajua ni mashine zipi zinazojaa madukani kwetu, Kariakoo na kwingineko: ni mtumba wa ofisi za Ulaya na Dubai, mashine imara za chuma na plastiki nene, ambazo umri wake huanzia miaka kumi na kupanda. Basi mwenye mashine ya namna hiyo, asiye na fedha za kununua mpya wala asiyeweza kuiacha Windows yake kwa sababu ndimo ilimo programu ya hesabu za duka au ya matokeo ya mitihani, husikia kwamba Linux haina bei na haiwachoki wazee, akatafuta fleshi, akaanza kazi. Aghalabu kazi humalizika salama. Leo nazungumza na yule ambaye kwake haikumalizika salama.

Nitangulize neno langu kuu mapema, ili msikilizaji atakayebishiwa hodi katikati ya mazungumzo asiondoke mikono mitupu. Kompyuta iliyogoma kuwaka baada ya kuwekewa mfumo wa pili, katika hali nyingi, haijapoteza kitu. Nyaraka zimo, picha za harusi zimo, Windows imo nzima na Linux imo nzima. Kilichokatika ni mfululizo mfupi wa hatua uanziao kwenye kitufe cha kuwashia na kuishia kwenye mfumo wenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza linalopasa kuulizwa, kabla ya amri yoyote kuandikwa na kabla ya kidole chochote kugusa kibodi, ni hili: mashine imekwama wapi? Hasara kubwa nilizozishuhudia katika mlango huu hazikuletwa na maradhi, zililetwa na tiba. Fundi aliyebanwa na foleni ya wateja huona skrini nyeusi, akahukumu papo hapo kwamba mashine ipigwe Windows upya, akafomati diski yote, na mambo ambayo saa moja nyuma yalikuwa salama salimini yakawa yamefutwa kwa mkono wa mtu.

Natuifuate basi safari ya mashine tangu mwanzo wake. Unapobonyeza kitufe katika kompyuta ya zamani, wa kwanza kuamka si Windows wala Linux, bali ni programu fupi iliyotiwa katika bodi yenyewe kiwandani, iitwayo BIOS, ambayo nasaba yake yafika hadi kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. BIOS hukagua kumbukumbu na kibodi, kisha hutazama katika daftari lake ni diski ipi iulizwe kwanza, na ikiisha kuipata huisoma sekta yake ya kwanza peke yake, yenye baiti 512, wala haisogei zaidi ya hapo. Utaratibu wa kuigawa sekta hiyo uliingia pamoja na mfumo wa DOS 2.0 mnamo Machi 1983: baiti 446 za mwanzo ni za programu ya kuanzishia, 64 zifuatazo ni orodha ya mafungu ambayo diski imegawanywa, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo ni halali. Baiti 446 ni nafasi ya herufi 446. Salamu za mwanzo tu katika barua za wazee wetu wa pwani zingeijaza na kufurika. Hapo ndipo mifumo miwili mikubwa, kila mmoja wenye mabilioni ya baiti, inapogombea nafasi ya kuanzia, na nafasi hiyo haipokei wawili: aliyeandika mwisho ndiye abakiaye.

Ndiyo maana mafundi wazoefu huweka Windows kwanza na Linux baadaye. Windows, iwekwapo katika mashine ya namna hii, huandika programu yake ya kuanzishia juu ya iliyokuwapo bila kubisha hodi, ilhali Linux huja na programu iitwayo GRUB, iliyoasisiwa mwaka 1995 na Erich Boleyn, ambayo ikishakaa humpa mtumiaji menyu ya kuchagua. GRUB nayo haitoshi katika baiti zile 446. Hutia humo kipande kidogo tu, ambacho kazi yake ni kukiita kipande cha pili kilichofichwa katika pengo lililo kati ya sekta ya kwanza na mwanzo wa fungu la kwanza la diski, na kipande hicho cha pili ndicho kiendacho kulitafuta fungu la Linux lenye menyu na mambo mengine yote. Katika diski zilizogawanywa enzi ya Windows XP pengo hilo lilikuwa na sekta 62, yaani kama kilobaiti 31. Zile zilizogawanywa baadaye zimeachiwa megabaiti 1 nzima, jambo lililowapunguzia mafundi vilio vingi. Na kwa kuwa mifumo huliona pengo hilo kama mahali pasipo na mwenyewe, baadhi ya programu za kulipia huficha humo alama za leseni zao, zikamkanyaga GRUB, naye mwenye mashine akabaki akijiuliza kwa nini iliyowaka jana haiwaki leo.

Sasa ukizijua hatua hizi, maneno machache yanayotokea juu ya skrini yanakuwa ushahidi, na kila shahidi ana mahali pake. Mashine ikisema kwamba haikuona diski ya kuanzia au haikuona mfumo wowote, basi ni BIOS yenyewe inayonena, na shauri liko katika mpangilio wa diski, au waya, au diski iliyokufa. Kuiweka Linux upya hapo ni kazi bure. Ikiandika GRUB kisha ikanyamaza, kipande cha kwanza kimefika lakini cha pili hakikupatikana. Ikikupa kishale kinachongoja pembeni mwa maneno grub rescue, kipande cha pili kimefika na kusimama, lakini fungu lililokuwa na menyu haliko mahali lilipoachwa. Na huyu ndiye mgeni wa wale walioiweka Linux, wakachoshwa nayo, wakalifuta fungu lake kutoka ndani ya Windows wakidhani wamemaliza. Menyu ikionekana, ukachagua Linux, skrini ikawa nyeusi tii, basi mnyororo wote wa kuanzishia ni mzima, na mara nyingi ni kadi ya picha isiyoelewana na mfumo mpya; hapo huongezwa neno moja, nomodeset, katika mstari wa kuanzishia, na skrini ikarudi. Angalieni jinsi ambavyo mambo manne, yote yakiitwa kwa jina moja la "haiwaki", yanavyotaka tiba nne zisizojuana.

Nitawapa kisa kimoja kwa kinaganaga. Mwalimu mmoja alikuwa na kompyuta ya mkononi ya mwaka 2010 au karibu na hapo, yenye diski ya gigabaiti 320, akaiwekea Linux kutoka kwenye fleshi, na kazi ikaisha bila ya kosa lolote kutajwa. Ikawa ajabu: fleshi ikiwa imechomekwa, menyu hutokea na mifumo yote miwili imo, fleshi ikichomolewa, mashine huingia Windows moja kwa moja kama kwamba Linux haijapata kuwako. Fundi wa mtaani akamweleza kwamba Linux imeingia ndani ya fleshi, kwa hiyo afute aanze upya, tena safari hii aifomati diski nzima ili isichanganyikiwe. Maelezo hayo yana sura ya ukweli, maana dalili zinaelekea huko, lakini fleshi ya gigabaiti 16 iliyokwisha kujaa faili za usakinishaji haiwezi kubeba mfumo kamili wa pili.

Iliwashwa fleshi nyingine, ya majaribio, ambayo huiendesha Linux bila ya kuisakinisha, ikaandikwa amri fupi iitwayo lsblk, ambayo kazi yake ni kuorodhesha diski zote na ukubwa wake. Ikaonekana kwamba katika mashine ile fleshi ndiyo iliyopewa jina la sda, ikiwa na gigabaiti 14.9, na diski ya ndani ikaitwa sdb, ikiwa na gigabaiti 298.1, kwa kuwa kompyuta huhesabu gigabaiti kwa kipimo kikubwa kuliko cha muuzaji. Sababu ikajifichua yenyewe. Bodi nyingi za umri ule huipa cheo cha diski ya kwanza ile iliyowashia, na kisakinishi kilipoulizwa GRUB ikae wapi kilishika desturi yake ya kuiweka katika sda. Mfumo ukawekwa katika diski ya ndani, mwanzo wake ukawekwa katika fleshi. Linux ilikuwa imo ndani ya mashine muda wote, imetimia, ikikosa mwanzo wake tu. Likafunguliwa fungu la Linux, mtumiaji akaingizwa ndani yake kwa amri ya chroot, ikaandikwa grub-install ikifuatwa na jina la diski ya ndani, kisha update-grub, na mashine ikawaka bila fleshi. Zingatieni kwamba jina liandikwalo hapo ni la diski nzima, sdb, wala si la fungu moja kama sdb1, kwa maana mwenye kuandika jina la fungu huweza kuikanyaga sekta ya mwanzo ya fungu la Windows, akaongeza msiba wa pili juu ya wa kwanza. Tena herufi hizo hazina uaminifu, huweza kubadilishana mashine ikizimwa na kuwashwa. Mtu na aitambue diski kwa ukubwa wake.

Liko tatizo jingine ambalo asili yake ni zile baiti 64 za orodha ya mafungu. Kila fungu huandikwa kwa baiti 16, hivyo orodha haina nafasi zaidi ya nne. Mwaka 1983 mafungu manne yalikuwa neema. Lakini watengenezaji wengi wa kompyuta za mkononi za enzi ya Windows 7 walizijaza nafasi zote nne kiwandani, moja ya kuanzishia, moja ya Windows yenyewe, moja ya kurejesha hali ya awali na moja ya vyombo vyao vya ukaguzi. Mwenye mashine huipunguza Windows, akapata gigabaiti 100 tupu, na kisakinishi cha Linux kikamwambia kwamba nafasi hiyo haitumiki. Hasira hupanda, na kwa hasira hiyo hurudi Windows kulitengeneza fungu la tano kwa nguvu. Programu ya Windows ya kugawia diski humuuliza swali moja la upole, kwamba diski itageuzwa kuwa ya aina nyingine, naye hubonyeza ndiyo. Kuanzia hapo mafungu yote huandikwa kwa alama 42, mpangilio ambao Windows huuelewa na visakinishi vingi vya Linux havithubutu kuugusa, na kurudi nyuma bila kupoteza kitu si kazi ya mtu wa kawaida. Ndugu msikilizaji, ukiliona swali hilo, jibu ni hapana. Njia iliyo salama ni kulihamishia fungu la kurejesha au la ukaguzi kwenye fleshi au sahani, kulifuta, na mahali pake kutengeneza fungu la aina ya kubeba mengine ndani yake, ambamo Linux hukaa bila taabu. Mafungu hayo ya ndani huanza kuhesabiwa na namba 5, hata kama nafasi za nyuma hazikujaa.

Mashine zilizotoka baina ya mwaka 2010 na 2013 au hapo karibu zina mtihani wake. Ni za njia panda, kwani zinaifahamu BIOS ya kale na pia mrithi wake UEFI, ambaye hazisomi tena zile baiti 446, ila hutafuta faili za kuanzishia ndani ya fungu maalumu. Fleshi moja, katika mashine kama hizo, hutokea mara mbili katika menyu ya kuwashia, moja ikitanguliwa na neno UEFI na nyingine kavu, na mtu huchagua yoyote akidhani ni mamoja. Si mamoja. Windows ikiwa imewekwa kwa njia ya kale na Linux ikawekwa kwa njia mpya, kila mfumo huwaka ukienda kubadilisha mpangilio wa bodi, lakini menyu moja haiwezi kukuvusha kutoka huku kwenda kule. Kujua uko upande gani ni rahisi: ndani ya Linux, folda ya /sys/firmware/efi ikiwapo, umewasha kwa UEFI, isipokuwapo, umewasha kwa njia ya kale. Dawa ni kuiwasha fleshi kwa njia ile ile ya Windows na kuiweka GRUB ya aina hiyo, na mfumo wenyewe hauguswi.

Lakini ugonjwa unaonipendeza kuliko yote, kama ugonjwa waweza kumpendeza mtu, ni ule wa mashine kongwe zaidi, za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo baadaye mtu alizitia diski kubwa. BIOS nyingi za wakati huo ziliihesabu diski kwa tarakimu 28 za mbili mbili, na hesabu hiyo ikizidishwa kwa baiti 512 za kila sekta hukoma kwenye gigabaiti 137 na ushei. Kilicho ng'ambo ya mpaka huo, BIOS haikioni. Linux ikishaamka huiona diski yote, maana huendesha diski kwa mikono yake mwenyewe. Lakini GRUB, kabla ya Linux kuamka, humtegemea BIOS kwa kila herufi aisomayo. Basi mwenye mashine huiweka Linux katika fungu linaloanza upande huu wa mpaka na kuishia upande wa pili, kiini cha mfumo kikaangukia upande wa huku, na mashine ikawaka vizuri kwa majuma. Siku moja linakuja sasisho, kiini kipya kinaandikwa mahali palipokuwa wazi, na mahali hapo pako ng'ambo. Asubuhi GRUB inalalamika kwamba imeambiwa isome nje ya diski. Hakuna aliyegusa kitu, diski ni nzima, kumbukumbu ni nzima, na lawama zote zinakwenda kwa sasisho ambalo halina kosa. Tiba ni kutenga fungu dogo la faili za kuanzishia, liitwalo boot, mwanzoni kabisa mwa diski, na jambo hilo halirudi tena.

Windows nayo, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, ina tabia ambayo wengi hawaijui. Ukiiambia izime, haizimi kikamilifu. Hukihifadhi kiini chake katika diski kikiwa katikati ya kazi, ili kesho iwake upesi, na diski zake hubaki zimeshikwa. Linux ikija kuzifungua huzikuta katika hali hiyo, na hukataa kuandika humo, au hukataa kulipunguza fungu hilo, na ni haki yake kukataa. Wanaoilazimisha kwa amri za nguvu ndio wanaopoteza faili. Ajabu ni kwamba ukichagua kuanza upya badala ya kuzima, Windows hujifunga kamili; na anayetaka kuiondoa tabia hiyo kabisa na aandike powercfg /h off katika dirisha la amri la msimamizi. Fauka ya hayo, ikiwa Linux imewaka na menyu haimtaji Windows hata kidogo, msiwahi kutangaza matanga. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, ile programu ndogo inayotafuta mifumo mingine imezimwa kwa makusudi ya usalama, na huwashwa kwa kuandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika faili ya /etc/default/grub, ikifuatwa na update-grub.

Yote haya yanachukulia kwamba chuma chenyewe ni kizima, nalo si jambo la kuchukuliwa kwa urahisi katika mashine ya mtumba. Usakinishaji unaokatika kila mara mahali tofauti huashiria kumbukumbu mbovu au fleshi isiyonakiliwa sawasawa. Unaokatika kila mara mahali pale pale huashiria diski iliyoanza kuoza. Kabla ya kulaumu mfumo, ilinganishwe alama ya uhakiki ya faili iliyopakuliwa, na diski iulizwe habari za sekta zake zilizobadilishwa. Halafu iko hesabu ya umri wa kichakataji: zile mashine za biti 32 zinazidi kuachwa nyuma, kwa kuwa miongoni mwa aina za Linux, Ubuntu iliacha kuzitolea toleo la mezani mwaka 2017, na Debian 13 ya Agosti 2025 ikawa toleo lake la kwanza lisilo na kisakinishi cha mashine hizo. Mwenye mashine kama hiyo bado ana Debian 12, na muda wake hauko mrefu.

Na kwa kuwa nimeombwa rai yangu, siwezi kuificha. Mashine yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu na diski ya kuzunguka haifai kubebeshwa mifumo miwili, maana kila mfumo utakosa nafasi ya sasisho zake na mwenye mashine atakuwa akivuka kutoka kwenye polepole kwenda kwenye polepole zaidi; achague mmoja. Mwenye gigabaiti 8 na diski ya SSD, ambayo siku hizi hupatikana kwa bei isiyotisha, atatumia mifumo miwili kwa raha. Walakini aliye baina ya hao wawili, ambaye Windows anaihitaji kwa programu moja tu kwa mwezi, ningemshauri kununua diski ya pili, hata iliyotumika, kila mfumo ukakaa katika chumba chake na BIOS ikaachiwa kazi ya kuchagua. Njia hiyo haina umaridadi wa menyu, lakini haijapata kumkosesha mtu usingizi.

Limebaki jambo la saa, ambalo huwafikia wote waliofaulu. Ndani ya bodi iko saa inayoendeshwa na betri ya mviringo ya CR2032, ya volti 3. Windows huichukua saa hiyo kuwa ni ya mahali ilipo, Linux huichukua kuwa ni ya dunia nzima, UTC. Na kwa kuwa sisi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tumeitangulia UTC kwa saa 3, kila utokapo Linux kuingia Windows utakuta saa imerudi nyuma saa 3 barabara. Ikiwa tofauti ni saa 3 kamili, betri haina hatia. Andikeni katika Linux timedatectl set-local-rtc 1, na mifumo itapatana. Lakini ikiwa kompyuta huamka kila asubuhi ikidai kwamba ni Januari ya mwaka fulani wa zamani, tovuti za benki zikakataa kufunguka kwa sababu ya tarehe, na orodha ya diski za kuwashia ikawa imejipanga upya, basi betri hiyo imekwisha, na kuibadilisha ni kazi ya bisibisi moja.